Namba ya hadroni kwenye muoni: swali moja, majibu mawili

Kuna namba imenikaa kichwani miaka kadhaa sasa. 6931. Ukiizidisha na 10⁻¹¹ unapata mchango mkubwa wa hadroni, chembe zilizoundwa na kwaki kama ilivyo protoni, kwenye sumaku ya muoni, au tuseme ndo tulivokuwa tunaamini mwaka 2020 pale wanafizikia zaidi ya mia moja walipoandika ripoti moja ndefu wakakubaliana, wakaweka na kiwango cha kukosea, 40 juu au 40 chini. Mei 2025 ikatoka ripoti ya pili, na pale palipokuwa na 6931 pakawa na 7132, kukosea 61. Tofauti ni 201, asilimia tatu hivi. Najua kuna mtu atasema asilimia tatu ni kitu gani, ila ndani ya hiyo asilimia tatu ndo ilikuwa imejificha habari nzima ya "fizikia mpya" iliyotangazwa dunia nzima mwaka 2021, yaani kwamba kipimo cha muoni hakilingani na nadharia, na mimi nataka nieleze ilivyokwenda maana naona watu wengi wameambiwa mwanzo na mwisho tu, katikati pamerukwa, na utamu wote uko katikati.

Muoni kwanza, haraka haraka. Ni ndugu mzito wa elektroni, uzito wake kama mara 207, inaishi maikrosekunde 2.2 afu inaoza. Inajizungusha na ina usumaku wake, na mwaka 1928 Dirac alitoa mlinganyo unaosema namba inayounganisha mzunguko na usumaku, inaitwa g, ni 2 kamili. Sio 2 kamili. Inazidi kidogo kwa sababu ombwe halijatulia, muoni inarusha fotoni na kuidaka tena, fotoni nayo njiani inageuka kuwa chembe nyingine kwa muda mfupi afu inarudi, na kila kitu kinachoweza kutokea kinaacha alama yake. Schwinger mwaka 1948 alikokotoa ziada ya kwanza, ukigawa kwa mbili unapata 0.00116. Leo ukisoma matokeo ya Fermilab, maabara ya Marekani iliyopima muoni, ziada hiyo ni 0.001165920705, na wanasema wameikosea kwa sehemu 127 tu katika bilioni. Huwa naiangalia hiyo namba na kujiuliza ni vitu vingapi maishani tunavijua kwa uhakika wa namna hiyo.

Sasa upande wa kukokotoa. Nikitumia kipimo kilekile cha 10⁻¹¹, mchango wa umeme na sumaku, yaani elektroni, muoni, tau na fotoni zao, ni 116,584,719 na uhakika wake ni wa sehemu ya kumi hivi ya namba moja. Hapo kuna kazi ya maisha ya watu, ngazi ya tano peke yake ina michoro 12,672 na Kinoshita na wenzake waliipitia yote. Nguvu dhaifu inachangia 154 hivi, kukosea 1. Afu inakuja hadroni, kama 7,000, na kukosea ni 40 au 60 kutegemea unamuuliza nani. Umeona? Mchango wa hadroni ni kidogo mno ukilinganisha na ule wa kwanza ila mashaka karibu yote ya hesabu nzima yamekaa pale. Ukitaka kujua kama muoni inaficha kitu, lazima upite mlango wa hadroni, hakuna mlango mwingine.

Kwa nini ni ngumu? Kwa sababu fotoni inapogeuka kuwa kwaki na antikwaki, kwaki hizo haziko huru, zinarushiana gluoni, chembe zinazozishikanisha, na kwenye nishati ndogo nguvu ya kuvutana ni kubwa mno. Kwenye umeme kila ngazi unayoongeza inakuja na kigawanyo cha karibu 137 kwa hiyo kila hatua inakuwa ndogo kuliko iliyotangulia na unaweza kusimama ukiridhika. Kwa kwaki za nishati ndogo hatua ya pili ni kubwa sawa na ya kwanza na ya tatu vilevile, kwa hiyo karatasi na kalamu hazikufikishi popote.

Njia ya kwanza ya kuzunguka hilo tatizo ni nzuri mpaka inanishangaza kila nikiifikiria. Inatokana na kanuni kwamba matokeo hayawezi kutangulia sababu yake, na kanuni nyingine kwamba uwezekano wote ukijumlishwa lazima utimie moja. Kwa kutumia hizo mbili unaweza kuchukua ule mchoro wa fotoni inayogeuka hadroni na kurudi, ukaukata katikati, na kile unachokiona kwenye mkato ni kitu kinachopimika maabara, elektroni na positroni (elektroni yenye chaji chanya) zikigongana na kuzaa hadroni. Bouchiat na Michel waliliandika hili mwaka 1961. Kwa hiyo badala ya kukokotoa kwaki unaenda kwenye mashine ya kugonganisha, unahesabu pioni, yaani hadroni nyepesi kuliko zote, zinazotoka, unaweka kwenye integrali, basi.

Niliamua kuifanya mwenyewe, maana mimi kitu nisipokigusa sikielewi. Fomula yenyewe haitishi. Unachukua R, yaani uwiano wa mara ngapi mgongano umezaa hadroni ukilinganisha na mara ngapi umezaa jozi ya muoni, unagawa kwa mraba wa s, ambapo s ni mraba wa nishati ya mgongano, unazidisha na kizidishi laini kinachoanza 0.63 kule chini kabisa na kupanda taratibu kuelekea 1, afu unajumlisha eneo lote chini ya mchoro. Mbele kuna namba ya kuzidishia, karibu 6.7 × 10⁻⁹ ukitumia GeV (kipimo cha nishati na uzito wa chembe, MeV ni sehemu yake ya elfu, keV ni sehemu ya elfu ya MeV), kwa hiyo eneo lote lazima litoke kama 10 na kidogo ndo ufike 6931. Mara ya kwanza sikuweka data hata moja, niliweka tu chembe ya rho kama mlima mwembamba, uzito MeV 775, upana wa kuoza kwenda elektroni na positroni kama keV 7. Nikabonyeza. Ikatoka kama 4,800.

Nilikaa kimya nikaiangalia. Chembe moja, inayoishi muda mfupi usioweza hata kuuwazia, imebeba karibu asilimia sabini ya kitu chote ninachokitafuta. Afu nikajaribu chembe nyingine, J/psi, ambayo upana wake wa kwenda elektroni unakaribia ule wa rho, ila uzito wake ni mara nne. Ikatoa 66 tu. Hapo ndo nikaelewa kwa vidole maana ya kugawa kwa mraba wa s, muoni haijali sana kinachotokea juu, inasikiliza kule chini, kwenye pioni mbili mbili, na ndo maana watu wa fani hii wakikutana wanabishana kuhusu njia moja tu ya elektroni na positroni kuzaa pioni mbili, maana inabeba karibu robo tatu ya jumla yote.

Nitoke nje ya mada kidogo, maana kuna mchango mwingine wa hadroni ambao ni mdogo lakini historia yake inagusa. Unaitwa mwanga kwa mwanga, fotoni nne zinakutana kwenye fundo moja la hadroni. Ripoti ya 2020 iliuweka kwenye 92, kukosea 18. Ila kabla ya mwisho wa 2001 watu walikuwa wanautumia ukiwa hasi, karibu hasi 85! Mwezi Februari mwaka huo maabara ya Brookhaven, Marekani, walitoa kipimo kilichotofautiana na nadharia kwa sigma 2.6 (sigma moja ni kiasi kimoja cha kukosea) na msisimko ukawa mkubwa, afu Knecht na Nyffeler wakarudia sehemu ya pioni kwa njia yao wakapata ukubwa uleule lakini alama kinyume, ni chanya. Hayakawa na Kinoshita wakarudi kwenye hesabu zao wakakuta tatizo limetokana na namna programu ya kukokotoa aljebra inavyochukulia tensa ya epsiloni, kanuni ya alama ndani ya programu haikuwa ile waliyoidhani. Wakaandika wazi, wakasahihisha, tofauti ikashuka mpaka 1.6. Naipenda sana habari hii kwa sababu ya walivyoipokea. Hawakujitetea, walitafuta mstari wenye kosa wakauonesha kwa kila mtu.

Turudi. Ukishaelewa hiyo njia ya kwanza utaona kitu ambacho mimi nilichelewa kukiona, kwamba tuliposema "kipimo kinatofautiana na nadharia" ile nadharia ndani yake ilikuwa na vipimo vingine. Sehemu ya hadroni haikutoka kwenye milinganyo ya kwaki, ilitoka kwenye mashine za Novosibirsk, Frascati, Stanford, Beijing. Kwa hiyo kiukweli tulikuwa tunalinganisha jaribio na majaribio mengine, na kama majaribio yale mengine hayakubaliani yenyewe kwa yenyewe basi hukumu yote inayumba. Na yalikuwa hayakubaliani. Majaribio mawili, KLOE wa Frascati na BaBar wa Stanford, walitofautiana kwenye mlima wa rho kwa kiasi kikubwa kuliko walivyokuwa wanadai kukosea, na kila mtu alilijua hilo, kilichofanyika ni kuongeza kiwango cha kukosea ili kufunika ule mwanya na kusonga mbele. Sisemi walifanya vibaya, ndo utaratibu, ila namba 40 ilikuwa imebeba mzigo ambao ukiangalia jumla peke yake huuoni.

Njia ya pili ni latisi, na hapa ndo moyo wangu ulipo. Unachukua milinganyo ya kwaki na gluoni kama ilivyo, hakuna data ya migongano, unakata nafasi na wakati vipande vipande kama wavu, kwaki zinakaa kwenye mafundo na gluoni kwenye nyuzi, afu kompyuta kuu inatengeneza picha za ombwe, maelfu ya picha, kila moja ikiwa ni namna moja ombwe linavyoweza kuwa. Kwenye kila picha unauliza, nikitengeneza jozi ya kwaki hapa, itaonekanaje baada ya muda t? Unapata mchoro unaoshuka, unazidisha na uzito unaotokana na muoni, unajumlisha. Ni swali lilelile la mwanzo limeulizwa kwa mlango mwingine. Blum alilifanya kwa mara ya kwanza kwenye latisi karibu mwaka 2003, na wakati huo kukosea kulikuwa kukubwa mno kiasi kwamba hakuna aliyefikiria itashindana na data.

Ugumu wake ni wa kuchosha na ni wa aina nyingi. Kelele kwanza, mchoro unaoshuka unashuka kwa kasi ya uzito wa rho lakini kelele zake zinashuka taratibu zaidi, kwa kasi ya uzito wa pioni, kwa hiyo ukienda mbali kidogo, femtomita mbili, tatu (femtomita moja ni kama ukubwa wa protoni), ishara inazama na unabaki na nukta zinazorukaruka juu na chini ya sifuri, na bahati mbaya sehemu hiyo ya mbali ina mchango mkubwa wa muoni, huwezi kuiacha. Afu rula. Kompyuta haijui femtomita ni nini, inajua tu hatua za wavu, kwa hiyo lazima uchukue kitu unachokijua, kwa mfano uzito wa bariyoni ya Omega, MeV 1672, ukitumie kupima hatua yako, na ukikosea rula kwa asilimia moja jibu la muoni linakosea karibu asilimia mbili. Fikiria, unataka jibu la nusu asilimia, rula yako lazima iwe nzuri kuliko robo asilimia hivi. Sanduku nalo lazima liwe kubwa, maana pioni ni nyepesi na inatembea mbali, inagusa kuta. Na kwaki ya juu na ya chini hazina uzito sawa wala chaji sawa, tofauti ndogo sana ila kwenye kiwango hiki unaiona, lazima uweke na umeme ndani ya wavu.

Kundi la Budapest, Marseille na Wuppertal, BMW, walipita yote hayo wakapata 7075, kukosea 55. Makala yao ilitoka kwenye Nature tarehe 7 Aprili 2021, na siku hiyohiyo Fermilab wakatangaza kipimo chao cha kwanza, wakathibitisha Brookhaven, na pengo na ripoti ya 2020 likawa sigma 4.2. Siku moja, habari mbili. Vyombo vya habari vikachukua ya kwanza, pengo limekua, kuna nguvu mpya huenda. Ya pili ilisema, jamani subirini, ukiikokotoa hadroni toka kwenye kwaki zenyewe pengo karibu linaisha. Mimi nilisoma zote mbili jioni ileile na nakiri nilitaka ya kwanza iwe kweli, nani asingetaka? Ila ya pili ndo iliyonifanya nirudie kuisoma.

Watu walikuwa na haki ya kuitilia shaka BMW, kundi moja, njia moja. Kilichobadilisha hali kwa maoni yangu ni wazo rahisi la kundi la RBC/UKQCD la 2018, kwamba usilinganishe jumla yote, kata dirisha la katikati, toka femtomita 0.4 mpaka 1.0, ambapo kelele hazijaanza kusumbua na ukubwa wa hatua za wavu hausumbui sana. Ndani ya dirisha hilo kila kundi linaweza kutoa namba nzuri. Kufikia 2022 na 2023 makundi kadhaa ya latisi, kila moja na aina yake ya kwaki kwenye wavu, na baadhi yao yamejifunga macho yasijue jibu mpaka mwisho, yalikuwa yamekubaliana. Na kukubaliana kwao kulikuwa juu ya data ya zamani ya elektroni na positroni. Hapo ndo nilipoacha kusema "BMW wanasema" nikaanza kusema "latisi inasema".

Afu Februari 2023 Novosibirsk. Jaribio la CMD-3 kwenye mashine ya VEPP-2000 walitoa upimaji mpya wa pioni mbili, na sijui nieleze vipi mshtuko uliokuwepo. Chukua kipande cha nishati kati ya GeV 0.6 na 0.88 tu, yaani mlima wa rho wenyewe. KLOE wanatoa kama 3606. BaBar 3701. CMD-3 wakatoa 3793. Toka KLOE mpaka CMD-3 ni 187, na kumbuka pengo la 6931 na 7132 ni 201, na hapa tunaongelea kipande kimoja tu cha mchoro! CMD-3 ni warithi wa CMD-2, mji uleule, na CMD-2 walikuwa 3665. Walihojiwa kwa kirefu na wanafizikia wengine, maswali ya mwangaza wa mashine (boriti zimegongana kiasi gani), ya kutenganisha pioni na muoni na elektroni, ya masahihisho ya mnururisho, na kosa la wazi halikupatikana.

Nilirudi kwenye ile programu yangu ndogo, safari hii nikiwa na data halisi, nikaweka KLOE kwenye safu moja na CMD-3 kwenye safu ya pili, nikachora uwiano wao. Nilitegemea nione kosa limekaa sehemu moja, labda pale ambapo chembe ya omega, sio ile bariyoni, inaingiliana na rho karibu na MeV 782, mchoro unapodondoka ghafla kama ukingo wa meza. Wala. CMD-3 iko juu karibu mlima mzima, asilimia kadhaa, imeinuliwa kwa upole tu kama vile mtu kanyanyua kitambaa. Sura ni ileile, kimo ndo tofauti. Hilo linanisumbua kuliko kitu chochote kwenye suala hili zima, maana kosa la sehemu moja unaweza kulitafuta, ila kimo kizima kikiwa tofauti unashuku kuhesabu kwenyewe, mara ngapi boriti zimegongana, fotoni ngapi zimeponyoka bila kuonekana.

Kwa hiyo ripoti ya 2025 haikuweza kutumia data ya migongano kwa wastani, zimetofautiana mno, ikachukua latisi. Jumla ikawa 116,592,033, kukosea 62. Wiki moja baadaye, tarehe 3 Juni 2025, Fermilab wakatoa matokeo ya mwisho, miaka yote ya data, na wastani wa dunia ukawa kama 116,592,072, kukosea karibu 15. Tofauti 39 hivi. Hiyo ni chini ya sigma moja, hakuna pengo.

Na vichwa vya habari vikasema hadithi imeisha, muoni ni ya kawaida, tuendelee na mengine. Hapa sikubaliani kabisa na nitasema kwa nguvu. Kwanza angalia nani amekosea zaidi, kipimo kina 15 na nadharia ina 62, kwa hiyo jaribio linaona mara nne kwa ukali kuliko sisi tunavyokokotoa, na kitu chochote cha ukubwa wa 50 kinaweza kuwa kimelala hapo ndani hatukioni. Pili, na hili ndo kubwa kwangu, swali limehama tu. Zamani tuliuliza kwa nini muoni inatofautiana na nadharia. Sasa tunauliza kwa nini mashine za elektroni na positroni, zilizojengwa na watu makini kwa miongo, zinatofautiana zenyewe kwa zenyewe kwa kiasi kikubwa hivo kwenye kitu cha msingi kama kuhesabu pioni mbili. Mpaka hilo lijibiwe hatuna njia mbili za kukokotoa hadroni, tunayo moja, na moja haijisahihishi.

Kuna njia ya tatu inatengenezwa CERN, inaitwa MUonE. Wanachukua boriti ya muoni za GeV 160 wanazipiga kwenye vipande vyembamba vya berili au kaboni, wanaangalia muoni inavyoparuza elektroni na kupinda, pembe tu, na kwenye umbo la mpindo huo umejificha mchango wa hadroni uleule, bila pioni ya kuhesabu wala wavu. Lazima wapime umbo hilo kwa usahihi wa kama sehemu kumi katika milioni, ni kazi ngumu ajabu. Na BaBar nao wamerudi kwenye data zao za zamani, wanazichambua upya kwa njia tofauti, macho yamefungwa. Safu ya tatu kwenye faili langu nimeiandikia jina tayari, BaBar mpya, kati ya KLOE na CMD-3, maana sijui nani atasogea kumfuata nani.